Ngolo ya Mwalimu

Mama mkwe wangu alimbeba mtoto wangu wa kwanza mgongoni mpaka nikaona wivu. Alikwenda naye shambani, kanisani na kwenye misiba, na mtoto akirudi kwangu ananukia moshi wa jikoni kwake. Wa pili, binti, hakumgusa. Hakumpokea, hakumpakata, wala hakumfunga kitenge. Alimtazama kutoka upande wa pili wa jiko huku mikono ameificha kwapani. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mama yule, ambebe mwanangu, na kila nilichokifanya ili ambebe kilizidi kumsogeza mbali.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma. Nilipangiwa kufundisha baiolojia Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na huko nikaolewa na afisa uvuvi ambaye ni Mmatengo wa Mpepai, mtu wa milimani asiyejua kuogelea, anayewafundisha Wanyasa namna ya kuvua. Nilimcheka kwa hilo. Yeye alinicheka kwa jembe, maana kwetu ardhi ni tambarare na kwao shamba limesimama wima kama ukuta. Mara ya kwanza kulima kwao niliteleza na makalio mpaka kwenye migomba, na habari ikafika kanisani kabla yangu.

Wamatengo wana namna yao ya kulima, inaitwa ngolo. Wanafyeka majani, wanayaacha yakauke, kisha wanayapanga chini kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Ndani ya kila mraba unachimba katikati na kurushia udongo juu ya majani, huku na huku, mpaka majani yamefunikwa yote. Kinachobaki ni shimo katikati na tuta pande zote nne. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo mpaka bondeni. Kufyeka na kupanga majani ni kazi ya wanaume. Kufukia ni kazi ya wanawake, na hiyo ndiyo inayokata kiuno. Sharti ni kwamba jani lisionekane. Ukiacha mahali pawazi hata padogo, mvua inapapata hapohapo na tuta linafunguka.

Mwaka ule, likizo fupi ya mwezi wa tatu, nilipanda Mpepai kumsaidia mama kufukia shamba la maharage. Tuliinama kutwa. Yeye alikuwa na miaka yake mingi na alinipita kila mstari.

"Mwalimu," aliniita hivyo hata nikiwa na tope puani, "kwenu mnachunga ng'ombe mkiwa mmesimama. Ndiyo maana hamjui kuinama."

"Kwetu tunainama kula tu, mama."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Baadaye alasiri kizunguzungu kikanishika, dunia ikazunguka, nikakaa chini kwenye udongo. Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo karibu na jiwe kubwa jeupe, tuta moja lililofunikwa upande huu na upande ule, katikati majani bado yanachungulia. Nikataka kuinuka nimalizie. Mama akanizuia.

"Acha. Tutamalizia kesho. Lenyewe halina miguu, litakimbilia wapi?"

Jioni mvua ilishuka kwa hasira. Asubuhi tulikuta udongo umeteremka, majani yamelala nje, maharage yaliyokuwa yamepandwa yamekwenda na maji. Mama akaweka mikono kiunoni na kuwaita majirani waje waone. "Njooni muone ngolo ya mwalimu! Imebaki mgongo wazi!" Wanawake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana ilichekesha. Kipande kile hatukukirudia. Nilirudi ziwani siku iliyofuata, na utani ule nikausahau kabisa.

Kizunguzungu hakikuwa cha jua. Nililijua hilo wiki chache baadaye, Mbamba Bay, harufu ya dagaa wa usipa waliokaangwa iliponitoa jikoni mbio. Sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Huku mimba haitangazwi. Tumbo likiwa tayari litajisema lenyewe. Kliniki nayo watu huenda tumbo likishaonekana, na mimi, mwalimu wa baiolojia, nilikwenda kama wenzangu. Muuguzi akanipa vidonge ambavyo wote tunaviita vya damu. Mama mmoja kwenye benchi alivirudisha akasema damu anayo ya kutosha, tukacheka. Mimi nilijua kwamba ndani ya kidonge kile, pamoja na madini ya chuma ya kuongeza damu, mna pia foliki, na foliki ndiyo inayosaidia mgongo wa mtoto kufunga. Nilijua pia kwamba kama ni kufunga, wa mwanangu ulikuwa umeshafunga zamani. Nilikunywa kila siku bila kukosa.

Nilijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kulifundisha. Mwezi wa nne, kidato cha sita wakifanya marudio ya mtihani, nilisimama mbele yao na chaki nikachora kiinitete cha wiki ya tatu. Ni kitu bapa, kidogo kuliko punje ya ulezi. Mgongoni mwake kuna utepe wa seli. Kingo za utepe ule zinanyanyuka, upande huu na upande ule, zinainamiana, zinakutana katikati na kuungana, unapatikana mrija. Juu utakuwa ubongo. Chini utakuwa uti wa fahamu unaoamuru miguu itembee, na mifupa ya mgongo itajijenga kuuzunguka. Kuungana huanzia karibu na shingo, kukaenda juu na chini, na kiunoni ndiko kunakofunga mwisho. Yote hayo yanakwisha kabla mimba haijatimiza mwezi. Mama mwenyewe wakati huo anadhani amechelewa kwa uchovu tu, au anadhani ni jua la shambani.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, na usipofunga?" Nikamjibu kwamba mtoto huzaliwa na kasoro, nikafuta ubao, kengele ikalia. Nilikuwa naye tumboni wakati ule. Lake lilikuwa limeshaamuliwa huku nikipangusa chaki mikononi.

Alizaliwa Mbinga mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa, mvua za kupandia mahindi zimeanza. Picha ya tumbo nilikuwa nimepigwa mara moja tu, na mpimaji alitafuta mapigo ya moyo, mgongo hakuutazama. Kwa hiyo nilikwenda kujifungua nikiwa na furaha kama mjinga. Alilia kwa sauti nzuri. Mkunga alimgeuza ampanguse, akasogeza taa karibu.

"Mama, umepata binti," akasema. "Analia vizuri, moyo mzuri. Lakini mgongo uko wazi."

Akanionyesha. Chini ya kiuno, palipotakiwa kuwa na ngozi, palikuwa na kidonda chekundu chenye utando mwembamba unaong'aa, na chini ya utando ule nikaona vile vile nilivyokuwa navichora kwa chaki. Utepe. Kingo mbili. Zilikuwa zimenyanyuka zikashindwa kukutana. Nilikuwa mtu pekee mle chumbani niliyeweza kutaja wiki ambayo jambo lile lilitokea, na ujuzi huo haukunisaidia hata kumshika vizuri. Mkunga ndiye aliyejua la kufanya. Alifunika kidonda kwa shashi iliyoloweshwa maji ya dripu, akamlaza mtoto kifudifudi, akanikataza kumgeuza.

Mama mkwe alikuwa nje na chupa ya uji. Mkunga alitoka kumweleza, na nilisikia kupitia mlangoni: "Bibi, mjukuu wako ana mgongo wazi." Kikombe kilianguka, basi. Mimi nilidhani ni mshtuko wa kawaida.

Tuliondoka na gari la wagonjwa kupitia Kitai mpaka Songea, kisha siku iliyofuata Dar es Salaam, mtoto amelala kifudifudi muda wote huo na mimi nimeinama juu yake kumkinga na mitikisiko. Walimfanyia upasuaji. Daktari, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuja akasema wamefunga vizuri, kidonda kitapona. "Ila mishipa ya fahamu iliyokaa nje tangu mwanzo imeshaharibika, mwalimu. Hiyo haturudishi." Baadaye maji yakajaa kichwani, wakamwekea mrija mwembamba chini ya ngozi unaoyatoa kichwani kuyapeleka tumboni. Walinifundisha kutoa mkojo wake kwa mpira, maana kibofu nacho hakipati amri. Nilifinya vidole vya miguu yake kila asubuhi. Alinitazama usoni kwa utulivu, hakujua kwamba kuna mtu anamfinya.

Nilimuuliza daktari kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali kama mtu aliyeibiwa. Akasema inaweza kuwa upungufu wa foliki kabla ya mimba, inaweza kuwa kurithi, kisukari, homa kali siku zile za mwanzo, dawa za kifafa. Kisukari sina. Dawa sikunywa. Homa sikumbuki. Kuhusu foliki, nimekula maharage na mboga za majani maisha yangu yote, na kuna wanaokula ugali wa muhogo na chumvi wakazaa watoto wanaokimbia.

"Mara nyingi hatujui," akasema. "Hakuna ulichokifanya."

Watu hudhani neno hilo linafariji. Mimi lilinikasirisha. Kama ningekuwa nimefanya kitu, ningejua pa kumshika aliyefanya.

Tuliporudi, wageni walikuja na sababu zao, kila mmoja na yake, wakazimwaga sebuleni kwangu pamoja na sukari na sabuni. Huyu alisema ni jicho la watu. Yule alisema nilikunywa vidonge vya uzazi wa mpango nikajiharibu. Mwenzangu wa ofisini, mlokole, alisema ni mtihani, nikamuuliza maksi zinatoka lini, akaondoka. Mume wangu alikuwa anakwenda kukaa forodhani, anatazama maji asiyoweza kuyaogelea. Mama mkwe hakutoa sababu yoyote. Alikuja ziwani mara moja, akakaa mkekani na kusali, akaondoka bila kumshika mtoto. Nilimtetea. Nikasema anaogopa kidonda.

Kidonda kikapona. Tukapanda Mpepai, mtoto ana miezi kadhaa, kovu limekauka. Niliingia jikoni kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuniita mwalimu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akauliza bila kuinua macho: "Wewe umesoma. Niambie. Mgongo wa mtoto unakuwaje mpaka unabaki wazi?"

Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na wenye majibu, na huyu hapa alikuwa ameuliza. Lakini somo lile nimelifundisha miaka yote kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nilikuwa sijawahi kulisema kwa mtu, achilia mbali kwa mama ambaye Kiswahili chenyewe alikikuta kanisani na sokoni. Nilitafuta maneno: utepe, seli, mrija. Yote yalimpita. Halafu nikaona, kupitia mlango wa jiko, mteremko wa ng'ambo na ngolo zake, na nikajiona nina akili sana.

"Mama, ni kama ngolo," nikasema. "Mwanzo mtoto ni bapa. Mgongoni tuta linanyanyuka, upande huu na upande ule, kama mnavyorusha udongo. Pande zikikutana, mgongo umefunga. Sasa huyu wetu zilinyanyuka vizuri tu, ila pale kiunoni kipande kidogo kikabaki hakijafunikwa."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Lini?"

"Mwanzoni kabisa. Kabla sijajua nina mimba. Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa hapa."

Ndipo nikakumbuka jiwe jeupe, na kizunguzungu, na kicheko cha majirani. Niliona jambo zima linakuja na sikuwa na pa kulizuia.

"Nilikuinamisha," akasema. "Ukataka kumalizia, nikakukataza. Halafu nikafungua kinywa changu. Nilisema mwenyewe, mgongo wazi. Nikaita na watu waje wasikie." Akaongeza maneno ya Kimatengo, taratibu, siyo kwangu. Kisha kwa Kiswahili: "Maneno huumba, mwanangu."

Nilisema hapana. Nilisema mara nyingi. Nikaeleza kwamba ngolo ni mfano tu, kwamba kuinama hakuna uhusiano, kwamba mtoto hasikii utani. Lakini nilikuwa nimeshampa ule mfano, nao ulikuwa mzuri mno. Mfano wangu ulikuwa na shamba lake, mwezi wake, jiwe lake na mashahidi wake. Kukanusha kwangu hakukuwa na kitu cha kushika. "Sasa kama siyo hilo, ni nini?" aliniuliza. "Mara nyingi hatujui" ndilo jibu nililokuwa nalo, na nilimpa hilo, na nikamwona analiweka kando kwa heshima, kama unavyopokea zawadi isiyo na kazi.

Tangu siku hiyo alificha mikono. Mume wangu alizungumza naye kwa Kimatengo alasiri nzima, akatoka ameinamisha kichwa. Nilimpeleka mama Mbinga mjini kwa daktari wa watoto, akaelezwa tena kwamba hakuna aliyemfanyia mtoto kitu. Aliitikia, "Ndiyo, daktari, asante, daktari." Njiani kurudi akaniambia kwamba daktari yule ni mtu mwema na anajua kuwafariji wazee. Nilikuwa namchukia kidogo, niseme ukweli, na nilikuwa namwonea huruma, na zaidi ya yote nilikuwa namhitaji. Mtoto wangu alikuwa na bibi mmoja aliye hai.

Binti alikua. Alijifunza kujivuta kwa mikono, miguu ikifuata nyuma, na kwa mikono hiyo akawa na nguvu za kushangaza. Alikuwa mchokozi na mwenye maneno. Alimpenda bibi yake kwa ubishi, jinsi paka anavyompenda mgeni asiyetaka paka. Kila tulipopanda Mpepai alimfuata kona kwa kona, na bibi alihama kona.

Siku moja, mtoto ameshatimiza miaka mitatu, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, ameinama juu ya ungo. Mimi nilikuwa nafua, povu mpaka viwikoni. Binti alijivuta mpaka nyuma yake, akashika gauni, akashika bega, akajipandisha kwa mikono mitupu mpaka akamkumbatia shingoni na kulaza shavu mgongoni mwake. Mama akakauka.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka. "Njoo umtoe."

Nilimsikia vizuri. Niliendelea kufua shati ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Mwanangu, ataanguka."

Sikwenda. Mtoto alianza kuteleza, maana miguu yake haiwezi kubana kiuno cha mtu kama ya watoto wengine. Akateleza kidogo, akacheka, akateleza tena. Nikaona mkono wa mama unakwenda nyuma kutafuta, ukamshika chini ya makalio, ukamsukuma juu. Mkono wa pili ukafungua kitenge kiunoni. Alimfunga mara mbili, juu na chini, ili miguu isining'inie ovyo. Kisha akainama tena kwenye ungo na kuendelea kuchambua, machozi yakidondokea kwenye maharage. Niliingia ndani nikalia na mimi. Nilidhani limekwisha.

Mwezi wa tatu uliofuata tulikwenda na mtoto shambani. Mama alimbeba mwenyewe mteremko wote, hakutaka nimpokee. Nilipofika kwenye jiwe jeupe nilikumbuka jambo ambalo miaka yote nililipita bila kulitilia maanani: pale pembeni ya jiwe palikuwa pori. Shamba lote lililimwa kila mwaka, ila kipande kile kilikuwa kimeachwa. Sasa kilikuwa kimefyekwa, majani yamepangwa upya.

Mama alimfungua mtoto, akamweka juu ya jiwe kwenye kitenge. Akashika jembe. Nilipotaka kushika la kwangu akatikisa kichwa. Alirusha udongo upande huu, akarusha upande ule, akapiga magoti na kumalizia kwa viganja, akipapasa tuta lote kutafuta jani lililochungulia. Binti alimhimiza kutoka juu ya jiwe, "Bado pale, bibi! Na pale!" Naye alipafunika pale, na pale.

Halafu akainuka, magoti yamejaa udongo, akaniita kwa jina lile ambalo hakuwa amelitumia tangu siku ile jikoni.

"Mwalimu. Njoo utazame wewe, wewe unajua. Pamefunga?"

Nilichuchumaa, nikatazama tuta kwa makini kama alivyotaka. Hakuna jani lililoonekana.

"Pamefunga, mama."

Akavuta pumzi. Akapangusa mikono kwenye gauni, akaenda kukaa kando ya jiwe, macho kwenye miguu midogo iliyoning'inia.

"Haya," akasema. "Basi tusubiri."

Nikajikuta na mimi naitazama miguu.